Meli Zao Zina Majina, Watu Wetu Hawana

Nianze na kitu kitakachowaudhi mabeshte zangu wa gemu: mnajua majina ya manowari za Waingereza kuliko mnavyojua jina la baba ya guka yenu.

Sijitoi, mimi pia niko ndani. Juzi nilikuwa kwa kinyozi Makutano, Meru, nikingoja zamu yangu. Vijana wawili wakaanza kubishana ni destroya gani ilikuwa moto zaidi Vita ya Kwanza ya Dunia. Nikaingilia. Nikawapiga na stori ya HMS Zubian mpaka kinyozi akazima mashine asikilize. Nilijiona mjanja sana. Halafu mzee mmoja aliyekuwa ananyolewa ndevu kwa kona akaniuliza, pole pole tu, "Kijana yangu, na wale wetu walioenda Kariakor, unajua jina la hata mmoja?"

Nikasema, "Hapana, mzee."

Akafunga macho, akaendelea kunyolewa. Hakunikemea. Hiyo ndiyo iliuma.

Kwa hivyo leo naandika kujibu lile swali, na nitaanza na Zubian yenyewe, ndio mtu asiseme nachukia meli.

Destroya ilizaliwa miaka ya 1890. Boti ndogo za topido zilikuwa zimeanza kutishia manowari kubwa, Waingereza wakaunda meli nyembamba yenye mbio ya kuzikimbiza. Kuanzia 1905, Admirali Fisher akataka kitu kikali zaidi: meli ya kwenda karibu kilomita 61 kwa saa, injini mpya za mvuke aina ya tabaini, na inayochoma mafuta badala ya makaa ya mawe. Zikajengwa 12. Kila kiwanda kiliachiwa kichore chake, kwa hivyo hazikufanana. Moja, HMS Viking, ilikuwa na dohani sita! Zilikuwa na mbio kweli, lakini mwili wake ulikuwa mwepesi na zilikunywa mafuta kama mathree mbovu inayopanda mlima. Haziwezi kwenda mbali. Vita ilipokuja, kazi yake kubwa ikawa kulinda ule mlango wa bahari wa Dover, kati ya Uingereza na Ufaransa.

Sasa sikia utamu. Oktoba 1916, HMS Nubian ikapigwa topido, ikapoteza pua. Kama wiki mbili baadaye HMS Zulu ikagonga bomu la majini, ikapoteza mkia. Mafundi wa Chatham wakachukua pua ya Zulu na mkia wa Nubian, wakaziunga. Upana haukulingana, tofauti ilikuwa inchi 3 na nusu, wakalazimisha hivyo hivyo. Juni 1917 meli ikarudi kazini na jina jipya: Zubian. Mwaka uliofuata ikasifiwa kwa kuzamisha nyambizi ya Wajerumani.

Tamu, si ndio? Lakini angalia hayo majina tena. Zulu. Nubian. Na wenzao kwenye ile familia: Maori, Mohawk, Afridi, Ghurka. Familia nzima iliitwa kwa jina la "makabila". Miaka ya 1930 wakarudia tena: Ashanti, Somali, Matabele, Mashona. Unapiga watu vita, unachukua ardhi yao, halafu unachora jina lao kwa chuma chako cha kupigia wengine. Mtu ataniambia hiyo ni heshima. Sawa. Basi tuone heshima hiyo ilifika wapi ilipokutana na Mwafrika mwenye mwili.

Zulu na Nubian zilishushwa majini 1909. Sisi tulikuwa wapi? Embu ilikuwa imevamiwa 1906 na kikosi cha Waingereza, watu wakauawa, mifugo ikachukuliwa. Meru ilipata ofisi ya mkoloni 1908, chini ya Edward Horne, yule wazee walimpa jina Kangangi. Yaani wakati nyundo zinagonga bati la Zulu kule Uingereza, huku tunafunzwa kulipa kodi ya nyumba tulizojijengea wenyewe.

Vita ikaanza 1914. Na msidhani vita ya meli ilikuwa ya Wazungu peke yao, kule mbali. Septemba 20, 1914, alfajiri, manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg iliikuta HMS Pegasus imetia nanga Zanzibar ikitengenezwa mitambo, ikaipiga mpaka ikazama. Mabaharia zaidi ya 30 wakafa. Wengi walizikwa kwenye kisiwa kidogo karibu na mji, na jina la kila mmoja linajulikana mpaka leo.

Königsberg ikakimbilia mikono ya mto Rufiji, ikajificha ndani ya mikoko. Manowari kubwa za Waingereza hazingeweza kuifuata kwenye maji mafupi, kwa hivyo zikaletwa meli mbili bapa, Severn na Mersey, ambazo mwanzo zilijengewa Brazil kwa ajili ya mito. Julai 1915, zikisaidiwa na ndege za kuelekeza mizinga, zikaimaliza.

Vitabu vingi vya meli vinafunga hapo. Kwetu ndio kwanza stori inaanza.

Wajerumani walitoa mizinga yote 10 ya Königsberg kutoka majini, wakaipeleka Dar es Salaam ikatengenezwa, wakaitia magurudumu na kuingia nayo bara. Mzinga mmoja tu ulivutwa na mamia ya watu kwa kamba, kwa matope na kwa milima. Waafrika hao, kwa upande wa Wajerumani. Upande wa pili, jeshi la Waingereza lililokuwa likiwafuata lilihitaji chakula, risasi, dawa na mahema, na ng'ombe na farasi walikuwa wanakufa kwa mbung'o. Gari hazipiti. Suluhisho lilikuwa shingo ya mtu. Mzigo wa karibu kilo 25 juu ya kichwa, siku baada ya siku.

Hao watu waliitwa Carrier Corps. Watu wetu wakalitamka wanavyoweza: Kariakor. Ndio maana Nairobi kuna Kariakor na Dar es Salaam kuna Kariakoo. Ukienda kununua kiondo ama kula nyama choma pale Kariakor, unakanyaga mahali palipoitwa kwa ajili ya hao watu. Lugha yetu iliwakumbuka wakati mawe yalikataa.

Mwaka 1917 ndio nataka mkae nao kidogo, kwa sababu mambo matatu yalitokea mwaka huo mmoja.

La kwanza, Zubian ikapewa jina.

La pili, serikali ya kikoloni ikafanya uandikishaji mkubwa kuliko yote Kenya, ukisimamiwa na John Ainsworth. Machifu walipewa idadi ya kuleta. Vijana wa Embu, Meru, Gikuyu, Ukambani, Nyanza, wakachukuliwa kwa maelfu. Mtu wa kwetu aliyezoea baridi ya mlima, njahi, mtama na ndizi akapelekwa kwa joto la Rufiji, akapewa unga wa mahindi ambao mara nyingi hakukuwa na muda wa kuuivisha. Tumbo likaanza kuhara damu. Malaria ikaongeza. Wengi hawakuuawa na risasi hata moja. Wanahistoria wanahesabu zaidi ya 40,000 waliokufa kati ya wapagazi waliotoka Kenya, na karibu 95,000 kwa wapagazi wote wa upande wa Waingereza.

La tatu, Mei mwaka huo huo, ikaundwa tume ya kutunza makaburi ya wanajeshi wa himaya nzima. Kanuni yake ilikuwa nzuri sana: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina, bila kujali cheo wala asili.

Kila aliyekufa, walisema. Baada ya vita, maofisa wakakubaliana kwamba makaburi ya wapagazi Afrika Mashariki hayafai kutunzwa, yaachwe yarudi kuwa pori. Majina hayakuchongwa. Mahali pa majina wakaweka sanamu. Iko pale Kenyatta Avenue, Nairobi, umepita hapo mara ngapi ukikimbilia gari? Watu watatu wa shaba, mmoja wao mpagazi. Maandishi ya chini yanaahidi kwamba ukipigania nchi yako na ukafa, wanao watalikumbuka jina lako. Sasa zunguka hiyo sanamu yote. Tafuta jina. Hakuna hata moja!

Hata pesa yao haikurudi. Mishahara ya waliokufa, ambayo jamaa hawakuja kudai kwa sababu hawakujua kuna cha kudai, ilibaki mikononi mwa serikali. Watu waliomba kwa miaka itumiwe kwa faida ya Waafrika. Jibu lilikuwa hapana.

Na msiniambie ilikuwa shida ya karatasi, ati hawangeweza kuhesabu. Hao hao waliandika upana wa Zulu na wa Nubian mpaka inchi na nusu inchi. Kwenye Ziwa Tanganyika walileta boti mbili ndogo kupitia Kongo. Ofisa wao alitaka ziitwe Paka na Mbwa, makao makuu London yakakataa, barua zikaenda na kurudi, mwisho zikaitwa Mimi na Toutou. Watu wamekaa ofisini wakijadili jina la boti! Wanaoweza kufanya hivyo wangeweza kuandika jina la kijana wa Runyenjes aliyekufa akiwabebea unga. Kalamu ilikuwepo. Hawakuona sababu.

Najua komenti zinazokuja. "Bro, ni zamani, waliomba msamaha." Kweli. Aprili 2021, ile tume ilitoa ripoti ikikubali kwamba Waafrika na Waasia wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa jina ama hawakukumbukwa kabisa, na ikataja ubaguzi waziwazi. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba msamaha bungeni. Nashukuru. Lakini msamaha hauna orodha. Ukiomba msamaha kwa mtu ambaye bado hujui anaitwa nani, unaongea na nani?

Komenti ya pili: "Tuna shida kubwa, kazi hakuna, wewe unaleta makaburi." Hii ndiyo nataka kujibu vizuri. Juni 2024 tuliingia barabarani, Nairobi, na Embu na Meru pia. Vijana walipouawa, serikali ilitoa nambari, na nambari zikabishaniwa. Ni nini kilifanya wale vijana wasigeuke hesabu tu? Sisi. Tuliandika majina yao, tukaposti, tukayasoma kwa sauti. Tulijua bila kufundishwa kwamba mtu asiye na jina ni rahisi kumfuta. Hiyo akili tuliyokuwa nayo 2024, mbona hatuipeleki 1917?

Komenti ya tatu ni yangu mwenyewe, na hii si ya Mwingereza. Tumejitawala tangu 1963. Miaka zaidi ya 60. Ukuta wenye majina ya wapagazi wa Embu uko wapi? Wa Meru uko wapi? Tuna serikali za kaunti tangu 2013, tuna sherehe za utamaduni kila mwaka, ngoma, fulana, hotuba ndefu, watu kubeba mabango ya wanasiasa. Hakuna aliyekumbuka kutuma vijana kumi na simu zao kwa wazee kuanzia Mbeere mpaka Tigania wakarekodi majina. Mkoloni alifuta, sisi tukaacha hivyo. Siwezi kumlaumu yeye pekee.

Nilipotoka kwa kinyozi niliabiri gari ya kurudi Embu, nikaenda moja kwa moja kwa guka. Nikamuuliza. Akafikiria kwa muda. Akasema baba yake alikuwa na ndugu mkubwa aliyechukuliwa vita ya Wajerumani, hakurudi. Nikauliza, aliitwa nani? Guka akatikisa kichwa. Nyumbani alikuwa anaitwa tu "yule wa Kariakor".

Wewe wa kwetu unajua hiyo ina maana gani. Kwetu kijana wa kwanza hupewa jina la baba ya baba yake. Jina linazunguka, mtu anazaliwa tena kwa wajukuu. Huyu alichukuliwa kabla ya kuoa. Hakuna mtoto aliyepewa jina lake, hakuna jiwe, hakuna karatasi mkononi mwetu. Zulu ilivunjika ikapewa jina la pili. Yeye hata la kwanza limepotea.

Kwa hivyo sitakuambia uache gemu. Cheza. Jua Viking ilikuwa na dohani ngapi. Lakini wikendi hii, kabla hujawasha hiyo simu, nenda kwa mzee wa kwenu na uulize swali moja: nani wetu alienda Kariakor? Akikupa jina, rekodi sauti yake, andika jina, kijiji na ukoo, uliweke hapa chini. Wewe wa mathree za Embu–Meru, unaandika majina ya wachezaji wa Ulaya kwa kioo cha nyuma, andika hilo pia, lipite Chuka na Nkubu watu walisome. Tukifika majina mia, nitayachapisha na kuyapeleka kaunti zote mbili mwenyewe, na nitarekodi video wakinijibu.

Wa kwetu hana jina, kwa hivyo siwezi kuanzisha orodha. Anza wewe. Na uwahi, kwa sababu guka ana miaka themanini na saba.