TUZILINDE LENZI ZINAZOTULINDA

Jicho la askari halina la akiba ghalani. Ndiyo maana leo twapenda kuzungumza na askari na polisi wetu juu ya kitu kidogo ambacho wengi hukivaa pasipo kukijali, nacho ni lenzi ya plastiki iliyomo katika miwani ya kinga.

Lenzi hiyo haichongwi. Chembechembe za plastiki iitwayo polikaboneti hukaushwa kwanza kwa saa kadha katika joto la nyuzi 120 hivi, kwani unyevu kidogo tu huidhoofisha. Kisha huyeyushwa kwa joto la karibu nyuzi 300, na mashine huisukuma kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma iliyosuguliwa hata ikang'aa. Mkwaruzo mmoja wa kalibu huzaliwa upya katika kila lenzi itokayo humo. Na ikiwa upande mmoja utapoa kabla ya mwingine, mkazo usioonekana kwa macho husalia ndani ya lenzi. Wahenga walinena: udongo uwahi ungali maji.

Polikaboneti ilivumbuliwa mwaka 1953 na Hermann Schnell wa Ujerumani na, pasipo kushirikiana naye, Daniel Fox wa Marekani. Ingawa plastiki ya akriliki hupitisha mwanga zaidi, ikipigwa kwa nguvu huvunjika vipande, hali polikaboneti hustahimili. Kwa sababu hiyo ndiyo iliyochaguliwa kwa miwani ya kinga na kwa ngao za kuzuilia mawe, tena uzito wake haufiki nusu ya uzito wa kioo.

Hata hivyo plastiki hiyo ina maadui. Askari anayeipangusa vumbi kwa kitambaa kikavu huikwaruza. Yule aliyekwisha safisha bunduki, kisha akaisafisha miwani kwa petroli iliyobaki, huuamsha ule mkazo uliolala. Nyufa nyembamba hutambaa polepole, na siku ya pigo lenzi humsaliti mwenyewe.

Hatuna budi, basi, kuiosha kwa maji safi na sabuni laini, kuikausha kwa kitambaa laini, na kuirudisha ghalani mara tuonapo ufa. Fundi aliyeilinda kalibu ametimiza wajibu wake. Uliosalia ni wetu.