Dereva wa Kidato cha Nne

Tangazo la kazi ya udereva linalodai cheti cha kidato cha nne halitafuti dereva. Linapunguza barua mezani tu.

Serikali imepita njia hiyo. Mwaka 2017 watumishi wa umma zaidi ya 9,900 walitangazwa kuwa na vyeti vya kughushi. Kughushi ni dhambi, simtetei mtu. Lakini wakati huohuo waliondolewa madereva, walinzi na watendaji wa vijiji wa darasa la saba, ambao wengi wao hawakudanganya lolote. Waliajiriwa kabla ya Mei 20, 2004, sharti la kidato cha nne lilipoanza. Mwaka 2018 Serikali yenyewe ikaagiza warudishwe. Mtu ameshika usukani zaidi ya miaka kumi, ndipo aulizwe matokeo ya mtihani!

Na sisi kanisani? Tukitaka mabenchi tunakwenda Keko, tunagusa mbao, tunatikisa viungo. Cheti cha fundi hatukiulizi. Akija kuomba kazi usharikani, tunauliza shule. Wakuu waliomhoji Petro na Yohana (Matendo 4:13) walishangaa kwa kipimo hichohicho. Paulo alisoma kwa Gamalieli, naam, na Bwana akamtuma pamoja na wavuvi.

VETA huwapima mafundi wa mtaani kwa kazi ya mikono yao na kuwapa vyeti. Baraza la wazee linashindwa nini? Mpeni mwombaji gari, aliendeshe kutoka Mbagala hadi Kariakoo saa kumi na mbili asubuhi, ndipo mfungue bahasha yake.