Muda wa Kivukoni Usijazwe

Abiria anayesubiri kivuko cha Kisorya kwenda Rugezi hana la kuharakisha. Chombo kitafika kitakapofika, magari yatapanda kwa zamu, na Ghuba ya Speke haimfupikii mtu kwa sababu amekunja uso. Huo ni muda wa bure kabisa. Lakini tazama waliokaa pale: vichwa vimeinama, vidole vinapanda na kushuka kwenye simu. Mmoja anajibu kikundi cha ukoo, mwingine anakagua mkeka wake wa kubeti, wa tatu anafuatilia ugomvi wa watu wa Dar es Salaam ambao hawajui wala hawamjui. Wanafika ng'ambo ya Ukerewe wamechoka kuliko walivyoshuka kwenye basi.

Sisi tunasema muda huo usijazwe. Simu ikae mfukoni, macho yaangalie maji, mawazo yapite bila kukimbizwa. Kichwa kilichojaa hakitulii kwa kuongezewa mambo, na wengi wetu hatujakipa nafasi hata ya dakika chache tangu alfajiri.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya watu wasio na kazi. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama iliyo mkoa mmoja na Kisorya, hakuwa mtu asiye na kazi. Akiwa na nchi nzima mabegani alihudhuria misa karibu kila siku, alicheza bao, na alikaa na Shakespeare akimtafsiri kwa Kiswahili. Mabepari wa Venisi ilitoka mwaka 1969, yeye akiwa Rais. Alipong'atuka mwaka 1985 alirudi shambani kwake. Hatudai kwamba bao ndilo lililomwongoza. Tunachosema ni kwamba wingi wa kazi haukumzuia kutenga saa ambazo siasa haikuziingilia, nasi visingizio vyetu ni vidogo kuliko vyake.

Wavuvi wa dagaa wanalijua jambo hili kwa njia yao. Kazi yao ni ya usiku wa giza, taa zikivuta samaki juu. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu hiyo, na kambi hupumzika. Siku hizo nyavu hushonwa, mitumbwi huzibwa, watu huenda kwao. Kushona nyavu ni dawa nzuri ya kichwa: mikono ina kazi, macho yana kazi, na ulimi uko huru kuzungumza na jirani au kunyamaza. Kusuka mkeka au ukili, kupepeta mtama, kupalilia mihogo kabla jua halijakaza, vyote vinafanya kazi hiyohiyo, mradi redio na simu nazo zipumzike.

Usiku ndio wenye shida zaidi. Mtu analala, mawazo yanaamka. Ada ya mtoto, mashine ya boti, deni la kausha damu, mkopo wa riba kubwa unaodaiwa kila wiki. Hapa tunapendekeza kalamu na daftari. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, waliwapa vijana 57 dakika 5 za kuandika kabla ya kulala. Walioandika mambo wanayopaswa kufanya siku zinazofuata walipata usingizi mapema kuliko walioandika waliyokwisha kuyamaliza, kwa wastani wa dakika 9 hivi. Na kati ya hao walioandika mambo ya mbele, walioandika kwa undani zaidi ndio waliolala haraka zaidi. Kwa hiyo usiandike "madeni" ukafunga daftari. Andika unadaiwa na nani, kiasi gani, na kesho utakwenda kuzungumza na yupi kwanza.

Kisha pumua. Vuta hewa polepole ukihesabu hadi 4, itoe ukihesabu hadi 6, uendelee hivyo dakika chache. Moyo hupunguza mwendo tunapotoa pumzi, ndiyo maana kutoa kunarefushwa. Haigharimu kitu, na inafaa hata ukiwa umebanwa katikati ya watu wawili kwenye daladala.

Lakini tusidanganyane. Pumzi hailipi mkopo, na mtu aliyekopeshwa kwa riba ya kumnyonya anahitaji ulinzi wa sheria kabla ya kuambiwa atulie. Inatukera kuona mateso ya umaskini yakigeuzwa kuwa kosa la mtu kushindwa kutuliza akili yake. Vilevile kuna wasiwasi ambao ni ugonjwa. Aliyekosa usingizi wiki baada ya wiki, aliyepoteza hamu ya chakula na ya watu, anayesikia sauti, anayewaza kujiua, huyo asishauriwe kushona nyavu. Apelekwe zahanati leo, na ikibidi apewe rufaa ya hospitali, Musoma au Bugando ya Mwanza. Kumpeleka kwanza kwa mganga wa kupiga ramli ni kumchelewesha, na ndugu wengi wamelia kwa sababu ya kuchelewa huko.

Tuna ombi moja kwa viongozi wa mialo ya Kisorya na kambi jirani. Siku za mbalamwezi wavuvi wapo nchi kavu na mikutano huitishwa. Mtumishi wa afya aalikwe kwenye mkutano mmojawapo, apewe saa moja, azungumze na wanaume juu ya usingizi, pombe na wasiwasi, kisha abaki pembeni kwa wale wenye maswali wasiyoweza kuuliza mbele za wenzao. Wanawake wanaoanika na kuuza dagaa nao watengewe saa yao, maana hesabu ya mtaji na ya chakula cha nyumbani wanaibeba wao, usiku na mchana.