SWALI LA MBUNGE NI MALI YA MWANANCHI

Mbunge wa upinzani asimamapo Bungeni na kumwuliza Waziri swali, wako watu wasemao kwamba anapoteza wakati, au anajitafutia sifa, au anaitia nchi aibu mbele ya wageni. Sisi hatukubaliani na watu hao. Twaamini ya kuwa swali lililoulizwa kwa haki na kujibiwa kwa ukweli huiokolea nchi fedha na heshima. Bali swali lililofukuzwa kwa maneno matupu hugeuka kuwa deni, na deni hilo mwishowe hulipwa na mkulima na mfanyakazi. Ushahidi wa neno hili twautoa katika historia ya Bunge la Ireland.

Bunge hilo, liitwalo Dáil kwa lugha ya wenyeji, lilikutana kwa mara ya kwanza mjini Dublin tarehe 21 Januari 1919, wakati Waingereza walipokuwa wangali wakiitawala nchi. Katiba ya mwaka 1937 yasema wazi kwamba Serikali itawajibika kwa Dáil. Na yasema pia kwamba mbunge hatashtakiwa mahakamani kwa neno alilolitamka ndani ya Bunge. Kinga hiyo haikuwekwa ili wabunge wapate kutukanana. Iliwekwa ili mtu mmoja, asiye na polisi wala hazina, aweze kusimama mbele ya Waziri mwenye wizara nzima nyuma yake, na kumwuliza: fedha hizi za watu zimekwenda wapi?

Sasa na tutazame jambo la nyama ya ng'ombe. Katika miaka ya 1987 na 1988, Serikali ya Ireland ilitoa bima kwa nyama iliyouzwa Iraki na makampuni ya nchi hiyo, kubwa kupita yote likiwa ni la Goodman. Maana ya bima hiyo ilikuwa hivi: Iraki isipolipa, mlipa kodi wa Ireland ndiye atakayelipa. Iraki wakati huo ilikuwa imechoshwa na vita vyake na Irani, na kila mfanya biashara alijua kwamba kumkopesha ni hatari. Hivyo mzigo mzito uliwekwa juu ya mabega ya watu ambao hawakuulizwa, na ambao wengi wao hawakujua hata kwamba wameubeba.

Walioujua mapema wakapiga kelele Bungeni. Barry Desmond na Dick Spring wa Chama cha Labour, na Tomás Mac Giolla na Pat Rabbitte wa Chama cha Wafanyakazi, waliyaleta mambo haya ya nyama mbele ya Mawaziri kati ya mwaka 1989 na 1991. Waliuliza nani amepewa bima, kwa kiasi gani, na kwa sababu gani. Majibu waliyoyapata hayakushibisha. Waziri aweza kusema neno la kweli na bado asijibu alichoulizwa. Aweza kusoma karatasi ndefu ambayo mwisho wake msikilizaji hajui zaidi ya alivyojua mwanzo. Na kwa desturi ya miaka mingi ya Bunge lile, Spika hakuwa na madaraka ya kumlazimisha Waziri atoe jibu lililo bora. Kazi yake ilikuwa kulinda utaratibu tu.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwezi wa Agosti 1990 Iraki iliivamia Kuwait. Kampuni la Goodman likawa katika hatari ya kuanguka, na wabunge wakaitwa kutoka mapumzikoni, mwezi ule ule, kupitisha sheria ya kuyakinga na wadai makampuni yaliyopatwa na shida kama hiyo. Mwezi wa Mei 1991 televisheni ya Uingereza ikaonyesha habari za biashara hiyo ya nyama. Na ndipo Serikali, baada ya kuwanyima wabunge wake majibu, ilipolazimika kuunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Liam Hamilton, Mkuu wa Mahakama Kuu. Tazama basi fedheha hiyo: swali la mbunge aliyechaguliwa na watu wa Ireland halikutosha, mpaka sauti itoke nchi ya jirani!

Tume hiyo ilikaa zaidi ya siku 200, na taarifa yake ikatoka mwaka 1994. Ilionekana kwamba sehemu kubwa ya nyama iliyolindwa na bima ya taifa haikutoka kwa wafugaji wa Ireland wa wakati ule. Nyingine ilitoka nje ya nchi, na nyingine katika maghala ya akiba ya Jumuiya ya Ulaya. Ilionekana pia kwamba katika makampuni ya Goodman palikuwa na ukwepaji wa kodi, na wafanyakazi wakilipwa fedha za siri zisizoandikwa. Mfanyakazi anayesoma maneno haya ayapime vema. Fedha ya siri hufurahisha siku ya malipo. Lakini siku ya ugonjwa au ya uzee, mshahara usioandikwa hauna shahidi.

Haki yatutaka tuseme na upande wa pili. Tume haikuona kwamba Waziri aliyetoa bima, Albert Reynolds, alipokea rushwa, na yeye alishikilia siku zote kwamba aliamua kwa faida ya nchi. Ikiwa ndivyo, twauliza: kwa nini basi jambo la faida ya nchi lisielezwe Bungeni waziwazi? Waziri aliyefanya jambo jema hana sababu ya kulikimbia swali. Na aliyekosea kwa nia njema, swali la mapema ndilo rafiki yake, maana humpa nafasi ya kurekebisha kosa lingali dogo. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Jaji Hamilton mwenyewe alitamka kwamba lau maswali ya Bungeni yangalijibiwa kama yalivyojibiwa mbele yake, pasingalikuwa na haja ya uchunguzi ule, na fedha nyingi na wakati mwingi vingaliokolewa. Hukumu hiyo haikutoka kwa mpinzani mwenye wivu, bali kwa hakimu aliyesikiliza kila upande.

Serikali nayo haikusalimika. Mwezi wa Novemba 1992, ugomvi uliotokana na ushahidi uliotolewa mbele ya tume uliivunja serikali ya Reynolds, na nchi ikaingia katika uchaguzi. Baada yake, Januari 1993, Dick Spring, yule yule aliyekuwa akiuliza maswali, akawa Naibu Waziri Mkuu, tena chini ya Reynolds huyo huyo. Hapo pana fundisho kwa kila chama duniani. Kiti cha Waziri hakina mwenyewe. Anayeuliza leo huulizwa kesho. Mwenye kuikata kamba ya maswali akiwa juu, ajue kwamba siku atakapokuwa chini ataitafuta na asiione.

Twayasema haya kwa kuwa shauri lenyewe halijazeeka. Baada ya uchaguzi wa Novemba 2024, ambao ulileta Bungeni wabunge 174, vyama vya Fianna Fáil na Fine Gael viliunda serikali kwa msaada wa wabunge wasio na chama. Baadhi ya wabunge hao, ingawa waliahidi kuiunga mkono Serikali, walitaka wapate wakati wa kusema pamoja na upinzani. Tarehe 22 Januari 2025 ghasia zilizuka Bungeni hata Micheál Martin asiweze kuchaguliwa Waziri Mkuu siku hiyo. Alichaguliwa kesho yake. Mwezi wa Machi mwaka huo huo, wingi wa kura za upande wa Serikali ukapitisha utaratibu wa kuwapa wabunge wanaoiunga mkono wakati wao wa kuuliza, na kelele zikarudi upya.

Wanaoutetea utaratibu huo husema kwamba kila mbunge amechaguliwa na watu, na kila aliyechaguliwa ana haki ya kusema. Kweli ana haki ya kusema. Lakini kusema ni jambo moja, na kumhoji Waziri kwa niaba ya wale wasiomchagua ni jambo jingine. Mtu aliyempa mwenziwe kura ili apande kitini hawezi tena kuwa ndiye mkaguzi wa hesabu zake. Aidha hatusemi kwamba upinzani wote ni malaika. Swali linaloulizwa ili gazeti la kesho lipate kichwa cha habari, lisilo na hesabu wala hati, humdhalilisha mwulizaji, tena humpa Waziri kisingizio cha kulidharau hata swali la maana linalofuata.

Kwa hiyo twasema, mbunge aulize akiwa na hesabu na hati mkononi. Waziri ajibu alichoulizwa, siyo alichopenda kuulizwa. Na saa ya maswali ibaki mikononi mwa wale wasiokula meza moja na Serikali. Watu wa Ireland walilipa gharama za majaji na mawakili kwa muda wa miaka mitatu ili wapate majibu ambayo Waziri angaliweza kuyatoa alasiri moja, bila malipo, akiwa amesimama mbele ya wawakilishi wao. Mwananchi atakayesikia mbunge akiuliza habari ya fedha za umma, na kumwona Waziri akizungukazunguka, asicheke wala asizime redio. Asikilize mpaka mwisho, kisha siku ya kura akumbuke ni nani aliyeuliza, na ni nani aliyekataa kujibu.