Mlinzi wa zizi hanunuliwi barabarani

Vijana wenzangu, mtu anatoa mamilioni kujenga banda la mbuzi, halafu mbwa wa kulilinda anamnunua barabarani, ndani ya boksi, bila hata kumwona mama yake. Hapo mimi sikubaliani na nyie.

Nenda kwa mfugaji mwenyewe. Mwangalie mama: akiwa mwoga au mkali ovyo, watoto nao huenda wakafuata. Bora zaidi mtoto aliyekulia karibu na mbuzi, maana atawazoea mapema.

Usichukue mtoto chini ya wiki 8. Dai kadi: dawa ya minyoo kuanzia wiki 2, chanjo ya kwanza wiki 6 hadi 8. Ya kichaa cha mbwa utamchoma wewe akifikisha miezi 3. Na minyoo usiidharau. Mayai ya tegu kwenye kinyesi cha mbwa yanaingia kwa mbuzi, hata kwa watoto wako.

Mfugaji wa kweli naye atakuhoji: atalala wapi, atakula nini? Usikasirike. Anayekuuzia bila swali lolote anataka hela yako tu, na mtoto akifa wiki ijayo, simu hapokei.