Bwawa la Brynmawr na Ujira wa Fundi



Ndugu zangu wapendwa, juma hili nawaalika tutafakari juu ya bwawa la kuogelea. Naam, bwawa. Lilichimbwa kwa mikono ya watu wa kujitolea huko Brynmawr, mji mdogo wa milimani kusini mwa Wales, na historia yake inatuhusu sisi kuliko tunavyodhani.

Brynmawr uliishi kwa makaa ya mawe na chuma. Baada ya mgomo mkuu wa mwaka 1926 migodi ya maeneo yale ilizidi kudhoofika, na wanaume wengi wenye nguvu wakabaki wamekaa vibarazani bila kazi. Mwishoni mwa miaka ile ya 1920 walifika Waquaker, ndugu wa Kanisa la Marafiki, wakiongozwa na Peter Scott. Hawakuishia kugawa chakula na nguo. Walianzisha karakana ambamo vijana walijifunza kutengeneza samani, na samani hizo zilisifika kwa ubora wake.

Mwaka 1931 kikafika kikosi cha kimataifa cha watu wa kujitolea. Utumishi huo ulikuwa umeasisiwa mwaka 1920 na Pierre Ceresole, mhandisi wa Uswisi, aliyewakusanya watu wa mataifa yaliyotoka vitani, Wajerumani wakiwemo, ili kujenga upya kijiji kilichobomolewa karibu na Verdun, Ufaransa. Huko Brynmawr wanafunzi wa vyuo vikuu walishika sururu na koleo pamoja na wachimbaji wasio na ajira. Mahali palipojaa mabaki ya machimbo wakasafisha, wakapanda bustani, wakajenga bwawa la kuogelea. Wahenga walisema kweli: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini si wenyeji wote walioshangilia. Watu wa vyama vya wafanyakazi waliuliza: kazi hii inayofanywa bure, je, si ndiyo ambayo ingempatia baba wa familia mshahara? Wengine walimwona mwenzao aliyeshika koleo bila malipo kuwa anawasaliti. Ni rahisi kuwaita watu hao wagumu wa moyo. Mimi nasita kufanya hivyo. Mwezi Mei wa mwaka huohuo wa 1931 Papa Pius XI alitoa waraka wake Quadragesimo Anno, akifundisha kwamba ujira wa mfanyakazi unapaswa kumtosha yeye na familia yake. Swali la wale wachimbaji lilikuwa swali la haki.

Basi, nani alikuwa sahihi? Kwa maoni yangu, pande zote mbili zilishika sehemu ya ukweli. Uvivu wa kulazimishwa humnyong’onyeza mtu, na anayejenga kitu kizuri kwa ajili ya watoto wa mji wake hurudishiwa heshima. Hata hivyo, heshima hailipi kodi ya nyumba. Ukarimu wa mgeni haumwondolei mwenye mali wala serikali wajibu wao kwa mtu asiye na kazi.

Ndugu zangu, nasi tunapenda msaragambo. Tunaitana kuchimba msingi wa kanisa, kubeba mawe, kusomba maji, na ni jambo jema. Lakini mara ngapi tumemwambia fundi mwashi, “Hii ni kazi ya Mungu,” ili tusimlipe, ilhali dukani saruji tumeilipia bila kunung’unika? Mara ngapi wanaobeba mawe ni walewale maskini wa jumuiya, na wenye nafasi hutuma salamu? Mtume Yakobo aliandika kwa ukali juu ya ujira uliozuiliwa, wala hakuwaachilia wanaojenga nyumba za ibada.

Kwa hiyo, kabla ya kupiga mbiu ya kujitolea, tujiulize mambo matatu: Je, kazi hii inamnyang’anya mtu riziki yake? Je, watakaoitumia wameshirikishwa katika kuiamua? Je, mwenye nacho naye atashika koleo? Tukiweza kujibu kwa dhamiri safi, twendeni tukachimbe kwa furaha. Tukishindwa, kwanza tumlipe fundi.

Nawatakia juma lenye baraka. Tuombeane.