Karani na Mazoezi

Nawasikia waajiri wa mjini petu Mombasa: mfanyakazi akichakazwa na kazi hata akaingiwa na sonono, huambiwa akafanye mazoezi. Sikatai. Kutembea baada ya alasiri pale Mama Ngina huupunguzia moyo uzito, ijapokuwa sonono kali yataka tabibu. Lakini Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, liliueleza uchovu huo kuwa ni zao la mikiki ya kazi isiyodhibitiwa, wala halikuuita maradhi. Basi karani wa Kilindini atokaye ofisini isha imekwisha adhiniwa, atembee saa ngapi? Sheria ya Ajira ya 2007 yampa likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka, kwa mshahara kamili. Mwajiri na ampe hizo kwanza, zote, bila ya kumsumbua kwa simu kila asubuhi.